Anga la Bukavu Halingoji Darubini

Mwalimu mwenzangu wa Bukavu: wewe wa Kadutu unayefundisha watoto waliobanana wanne kwenye dawati la wawili, wewe wa Bagira unayenunua chaki kwa pesa ya mfukoni mwako, wewe wa Ibanda ambaye shule yako ina kompyuta lakini umeme unafika watu wamekwisha lala. Somo la anga ni la kwako. Ninaandika haya nikitaka jambo moja tu kutoka kwako: mwaka huu wa shule, usiliruke.

Maana tunaliruka, tuambiane ukweli. Sura ya mfumo wa Jua ikifika tunaandika majina ya sayari nane ubaoni, watoto wanayakariri kwa sauti, na kesho yake tunahamia mabara na bahari. Hatufanyi hivyo kwa uvivu. Kitabu ni kimoja kwa shule nzima, na mchoro uliomo ni fotokopi ya fotokopi, Dunia na Mwezi vimegeuka madoa mawili meusi. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, Septemba 2019, madarasa yamefurika. Februari 2025 vita vikaingia mjini na benki zikafunga milango. Mwalimu aliyepita katika hayo yote, na bado anasimama mbele ya watoto saa moja na nusu asubuhi, hahitaji kuhubiriwa habari za kujitolea. Anahitaji kuonyeshwa zana ziliko, na kuambiwa bila kubembelezwa kwamba zinamtosha.

Zana zipo. Nyingi ni za bure, na nzuri zake zimeandikwa na watu wanaojua wanachosema.

Tuanze na Kifaransa, lugha tunayofundishia sekondari. Ufaransa kuna chama kinachoitwa CLEA, kilichoundwa mwaka 1977 kwa shabaha hii hasa: mwanaastronomia na mwalimu wa shule wakae meza moja na kuandaa somo pamoja. Jarida lao, Les Cahiers Clairaut, limejaa mazoezi ya kadibodi, uzi na mkasi, vitu ambavyo hata shule ya Idjwi haiwezi kuvikosa. Kuna pia La main à la pâte, kazi iliyoanzishwa mwaka 1996 na Georges Charpak, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia, pamoja na mwanaastrofizikia Pierre Léna na mwenzao Yves Quéré. Humo utakuta vipindi vilivyopangwa tangu swali la kwanza la mwalimu hadi mtoto anapochora alichokiona. Na ukitaka kujua mwezi utaandama lini, utapevuka lini, au utapatwa saa ngapi, waulize IMCCE, taasisi ya Observatoire de Paris ambayo kukokotoa nyakati za anga ndiyo kazi yake ya kila siku. Jibu la hapo linatoka kwa waliofanya hesabu. Ujumbe uliopita kwenye simu mia moja kabla ya kufika kwako hauna mtu wa kuuliza.

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia nao, ulioanzishwa mwaka 1919, una ofisi ya elimu mjini Heidelberg, Ujerumani. Ni umoja huohuo ambao mwaka 2006 uliiondoa Pluto kwenye hesabu ya sayari kamili. Una mkusanyo wa mazoezi ya darasani unaoitwa astroEDU, nami naupenda kwa sababu moja: kila zoezi hupitiwa na mwalimu na mwanaastronomia kabla ya kutolewa. Mmoja anapima kama ni kweli, mwingine anapima kama linafundishika. Sehemu kubwa iko kwa Kiingereza, sikufichi. Lakini zoezi la mpira, taa na kivuli linaeleweka kwa picha zake, na mwenzako anayefundisha Kiingereza yuko chumba cha pili. Mwite. Somo la anga litampa naye kitu cha kusomesha.

Nikiambiwa nichague kitu kimoja kwa shule yenye kompyuta moja, nachagua Stellarium bila kusita. Ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabien Chéreau. Ukishaipakua na kuiweka kwenye kompyuta haikudai intaneti tena. Unaiambia uko Bukavu, unachagua tarehe na saa, na anga lako linafunguka mbele yako: nyota zilizo juu ya Kahuzi saa mbili usiku, sayari inayochomoza upande wa Rwanda kabla ya mapambazuko, mwezi wa keshokutwa. Unaweza kuuharakisha usiku mzima upite kwa dakika mbili, watoto waone kwa macho yao kwamba nyota nazo huchomoza na kutua. Kwa fizikia ya mizunguko na uvutano kuna maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, ambayo yapo kwa Kifaransa, na baadhi yake yamekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili. Nayo unaweza kuyahifadhi na kuyatumia bila mtandao.

Hiyo ndiyo akiba. Sasa tuseme juu ya uongo, kwa sababu mtandao huohuo umejaa huo pia, na mtoto wa sekondari atakuja nao darasani kwenye simu ya kaka yake.

Tarehe 27 Agosti 2003 sayari ya Mirihi ilifika umbali wa kilometa karibu milioni 56 kutoka duniani. Haikuwa imesogea karibu hivyo kwa karibu miaka 60,000. Hiyo ni habari ya kweli na ni nzuri. Kisha likazuka andiko lililodai kwamba usiku huo Mirihi ingeonekana kubwa kama mwezi mpevu, na tangu hapo andiko hilo limekuwa likifufuka Agosti baada ya Agosti, mwaka umefutwa, picha mpya imebandikwa. Kwa macho matupu Mirihi haijawahi kuwa zaidi ya nukta nyekundu inayong'aa. Siku hizi picha za uongo zinatengenezwa na mashine kwa sekunde chache, nzuri kuliko za kweli, na mtoto hana jinsi ya kujua isipokuwa amefundishwa kuuliza.

Mfundishe kuuliza, basi. Nani kaandika, na kazi yake ni nini? Kaandika lini? Kuna mwingine, asiyemnakili huyu, anayesema hivyohivyo? Tarehe ina uzito kuliko wengi tunavyodhani. Ukurasa unaosema Zohali ina miezi 62 haukudanganya siku ulipoandikwa, ila Machi 2025 hesabu iliyotambuliwa ilifika 274. Sayansi inajirekebisha hadharani. Mwalimu anayewaambia watoto, "Kitabu chetu kilisema hivi, leo tunajua zaidi," hapungukiwi heshima hata kidogo. Anawaonyesha jinsi maarifa yanavyokua.

Na lipo swali kubwa kuliko hayo yote: naweza kulikagua jambo hili mwenyewe, kwa macho yangu, hapa Bukavu? Katika masomo yetu mengi jibu ni hapana. Mtoto hawezi kuiona atomu, wala hawezi kwenda kuukagua mkutano wa Berlin. Anga liko juu yake kila siku. Ndiyo maana nasema hakuna somo linalofaa kuliko hili kumfundisha mtoto wa Kongo kutomeza kila anachoambiwa.

Hapo ndipo tunapokuta jambo ambalo tovuti nyingi hazitakuambia. Zana nzuri nilizozitaja, karibu zote zimeandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Ni wakweli, lakini wanaeleza anga la kwao. Bukavu iko digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na anga letu lina tabia zake.

Chukua mwezi. Michoro ya Ulaya inaonyesha mwezi mchanga umesimama wima, tumbo upande wa kulia, na mtoto anapewa kanuni ya herufi p na d ya kutofautisha robo ya kwanza na robo ya mwisho. Mtoto wa Nguba akitoka nje jioni anaukuta mwezi mchanga umelala chali, pembe zote mbili juu, kama mtumbwi juu ya Kivu. Amwamini nani, kitabu au macho yake? Asipopata mtu wa kumwambia kwamba vyote viwili ni kweli, kila kimoja mahali pake, ataamua kimoyomoyo kwamba sayansi ni maneno ya kukariri, hayahusiani na dunia anayoishi. Na mtoto akishaamua hivyo akiwa na miaka kumi na mbili, ni kazi kubwa kumrudisha.

Sababu yenyewe inaelezeka kwa mpira na taa. Kwetu Jua na Mwezi huteremka karibu wima kuelekea upeo wa macho. Jua likishazama, liko karibu moja kwa moja chini ya Mwezi, basi linauangaza upande wake wa chini. Kule Brussels vinateremka kwa mshazari, Jua linakuwa chini na pembeni, na ule upande unaong'aa unageuka. Weka taa sakafuni, mpira juu yake, mtoto apige magoti na kutazama. Kisha isogeze taa pembeni. Dakika tano zinatosha, na hakuna fotokopi itakayompa alichokiona.

Chukua misimu. Kitabu kinasema ipo minne, kina theluji kwenye mmoja na majani yanayopukutika kwenye mwingine. Sisi tuna mvua tangu Septemba hadi Mei, na kiangazi Juni hadi Agosti. Mhimili wa Dunia umeinama kwetu kama ulivyoinama kwao, lakini Brussels mchana mrefu wa mwaka unauzidi ule mfupi kwa saa zaidi ya nane, na Bukavu tofauti ni kama dakika 17 tu. Waambie watoto wapime! Kila Ijumaa, mwaka mzima, mmoja aandike saa Jua linapochomoza juu ya vilima vya Rwanda kama anavyoliona kwao, na mahali lilipotokea. Mwisho wa mwaka darasa litakuwa na daftari ambalo halipo kwenye tovuti yoyote: hesabu ya mapambazuko ya Bukavu, iliyoandikwa na watoto wa Bukavu.

Tena tumependelewa. Nyota ya Kaskazini, ambayo vitabu vya Ulaya huanzia hapo, iko chini ya upeo wetu, hatuioni. Lakini nenda nje usiku mmoja wa Mei, mawingu yakikuruhusu, saa tatu usiku. Geukia kusini: Msalaba wa Kusini umesimama kwenye kimo cha kama theluthi ya anga. Geuka nyuma yako, kaskazini: Dubu Mkubwa yuko kimo kilekile. Vyote viwili, saa ileile, vinatazamana juu ya ziwa. Mtoto wa Brussels hatauona Msalaba wa Kusini maisha yake yote asipofunga safari. Mtoto wa Cape Town karibu hamwoni Dubu Mkubwa. Mtoto wa Kadutu ana vyote viwili juu ya bati la nyumba yao, na hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Najua utakalosema: usiku watoto hawatoki. Ni kweli, na sitamshauri mwalimu yeyote awakusanye watoto gizani katika siku hizi. Anga la mchana linatosha. Siku chache baada ya mwezi kupevuka, utaukuta asubuhi umening'inia upande wa magharibi kengele ya kwanza inapogonga. Watoe nje dakika tatu. Kama wiki moja baada ya mwezi mwandamo, wanafunzi wa alasiri watauona mashariki kabla ya kurudi nyumbani. Jua lenyewe ni nyota, na kivuli chake kinapimika kwa fimbo. Ila jambo moja walishike kama sheria: hawalitazami Jua kwa macho, wala kwa kioo kilichopakwa masizi, wala kwa filamu ya eksirei. Tundu dogo kwenye kadibodi, Jua likipita na kuangukia karatasi nyeupe, ndilo salama. Mtalihitaji tundu hilo tarehe 2 Agosti 2027. Siku hiyo Jua litafunikwa lote kule Luxor, Misri, kwa dakika zaidi ya sita, na hapa kwetu kipande kidogo kitamegwa wakati wa mchana. Kitakuwa kidogo, lakini mtoto aliyeandaliwa atakiona kwenye karatasi yake. Itakuwa likizo, kwa hiyo waandalie mapema, waende nyumbani wakijua la kufanya. Uvumi nao utakuja siku hizo, kama unavyokuja kila mara. Afadhali watoto wako ndio wawe wa kuwaeleza wazazi wao.

Niseme na hili, maana ni la Kivu na linaniuma. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini, kipande cha mfupa chenye mikato iliyopangwa safu tatu. Safu mbili zina mikato 60 kila moja, ya tatu ina 48. Leo mfupa huo umehifadhiwa Brussels, katika makumbusho ya sayansi asilia. Alexander Marshack, Mmarekani, alidai katika miaka ya 1970 kwamba mikato hiyo ni hesabu ya siku za mwezi, yaani mtu wa Ishango alikuwa akilifuatilia anga. Wengine wanaona hesabu za namba, wengine wanaona alama tu za kushikia mfupa vizuri. Ubishi haujaisha. Umri nao ulibadilika: mwanzoni ulikadiriwa kuwa chini ya miaka 12,000, sasa unahesabiwa kuwa karibu 20,000 au zaidi.

Ingia mtandaoni uone. Ukurasa mmoja unatangaza kwamba Waafrika wa Ishango walivumbua kalenda, bila shaka yoyote. Mwingine una umri wa zamani. Mwingine unautaja mfupa bila kuitaja Kongo. Lifanye hili kuwa somo zima la wiki moja. Gawa darasa makundi, kila kundi lichukue maelezo yake, litafute nani kasema, lini, kwa ushahidi gani. Chora mikato ubaoni: 11, 13, 17, 19 safu ya kwanza, 11, 21, 19, 9 safu ya pili. Waache watoto wahesabu, wabishane, wakatae. Fahari ya kweli juu ya Ishango haihitaji kutiwa chumvi. Inatosha kwamba babu mmoja wa ardhi hii, miaka elfu ishirini iliyopita, alikaa kando ya ziwa na kukata mikato hiyo kwa uangalifu ambao ulimwengu mzima bado unajaribu kuuelewa.

Mega, utaniambia. Nani ananunua mega za kupakulia hayo yote? Hapa lazima tuache desturi ya kila mwalimu kupambana peke yake. Shule tano za mtaa mmoja zinahitaji mtu mmoja mwenye mtandao mzuri, usiku mmoja, na flashi moja. Programu ya Kiwix inakuwezesha kuibeba Wikipedia ya Kifaransa kwenye flashi au kwenye kadi ya simu, ukaisoma milimani kusiko na mtandao. Inabeba pia Vikidia, ensaiklopidia iliyoandikwa kwa ajili ya watoto. Wanafunzi wa ISP, wa Chuo Kikuu cha Bukavu na wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki wanaofanya mazoezi ya kufundisha mashuleni mwetu wanaweza kuwa wachukuzi wa flashi hiyo: kila mmoja aache nakala shuleni anapomaliza. Prefe wa shule akiuliza itagharimu nini, jibu ni bei ya flashi moja. Na jambo la kushukuru: umeme ukikatika mtaa mzima usiku, hakuna kinachotuzuia kuziona nyota kutoka mlangoni.

Lugha isikutishe. Chini kabisa shuleni tunafundisha kwa Kiswahili, na Kiswahili hakina aibu mbele ya anga. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali: sayari zote tano zinazoonekana kwa macho zina majina yake, na mabaharia wa pwani waliyatumia karne nyingi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Vyanzo 339 vya eksirei vimo kwenye orodha yake, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akapata Nobel mwaka 2002. Wanaastronomia wa dunia nzima hutamka neno la Kiswahili wakiitaja satelaiti hiyo.

Na wako wenzetu walioanza. Tanzania, Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amewaandikia wananchi kwa miaka mingi habari za anga lao wenyewe, na Jua lilipopatwa kipete tarehe 1 Septemba 2016 juu ya Rujewa, Mbeya, watu walikuwa wameelimishwa. Kenya, Susan Murabana na mwenzake Chu Owen wanazunguka na darubini yao kutoka shule hadi shule, wakifika hata vijijini. Agosti 2024 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, mara ya kwanza katika bara hili tangu uanzishwe. Mlango umefunguliwa. Sioni sababu ya Kivu kubaki nje, sisi ambao tuna Lwiro, kilometa kama 45 kutoka hapa mjini, kituo kilichozaliwa mwaka 1947 na ambacho vipimo vyake vya mitetemeko ya ardhi vimefuatilia volkano zetu kwa vizazi. Watu wa kusoma vipimo hivyo kesho wako darasani kwako leo. Wanaposikia kwamba anga halileti pointi kwenye Exetat, waambie pembe, uwiano, kivuli, mwendo na makadirio vinaleta, na vyote vimo humo.

Sasa kazi. Tarehe 29 Septemba, na tena tarehe 14 Machi, Jua hupita juu kabisa ya Bukavu. Simika fimbo ya mita moja uwanjani, inyooshe kwa timazi, na usubiri. Septemba itakuwa kama dakika tano kabla ya saa sita mchana, Machi kama robo saa baada yake. Kivuli kitafupika, kitafupika, kitaingia chini ya fimbo na kupotea. Siku hiyohiyo Lubumbashi, kusini yetu, karibu kwenye mstari uleule wa kaskazini na kusini, fimbo ya mita moja itatupa kivuli cha sentimeta 16 pale kinapokuwa kifupi kabisa. Kivuli hicho ni pembe ya digrii tisa na kidogo. Tisa na kidogo inaingia kwenye 360 mara 39 na ushee. Umbali kutoka kwetu hadi usawa wa Lubumbashi, kwenda kusini moja kwa moja, ni kilometa kama 1,017. Zidisha: unapata mzunguko wa Dunia, karibu kilometa 40,000, ulivyopimwa na Eratosthenes wa Aleksandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, safari hii na watoto wa Kongo wenye fimbo mbili na simu moja. La main à la pâte wana mradi mzima juu ya kipimo hiki, Sur les pas d'Ératosthène, wenye maelekezo yote kwa Kifaransa. Pakua hayo, chapa kurasa mbili, mpe mwenzako wa hisabati moja.

Unachokosa ni mwalimu mmoja wa Lubumbashi. Una shemeji kule, au mwanafunzi mwenzako wa zamani, au padri aliyehamishwa kutoka hapa. Mpigie wiki hii, mwulize kama shule yao ina uwanja.